Mlango wa Banda Hauingii Kwenye Simu

Wapendwa, hayo makofi yashikeni kwanza. Mnanipigia makofi hata sijasema neno, na mimi makofi ya namna hiyo nilishayaonja. Mbele mtasikia yalinifikisha wapi.

Dada mwenyekiti ameniomba nisimulie nilivyoanguka kwenye biashara na nilivyosimama tena. Amenipa masharti mawili: nisitaje jina la mtu, na nisiongee mpaka watu waanze kuangalia saa. La majina nitalitii.

Wenyeji mnanijua, ila naona kuna sura mpya, kwa hiyo nijieleze. Mimi ni mjane, naishi hapa Lemara, nina watoto wawili wanaosoma. Nilizaliwa Usa River, baba yangu alikuwa kibarua kwenye mashamba ya maua. Nikaolewa Oldonyo Sambu, kwa Waarusha, upande wa pili wa mlima. Wameru wenzangu waliniuliza nimekosa nini huku hadi nizunguke mlima mzima kutafuta mume. Nilimpata, alikuwa mtu mzuri, na hilo silijadili.

Mimi na marehemu tulikuwa na banda la kuonyesha mpira. Lile watu wanaloliita kibanda umiza, na mabenchi yetu kweli yalikuwa yanaumiza, sikatai. Mchana tulionyesha filamu zilizotafsiriwa, jioni tamthilia kwa akina mama, na siku za mechi ndiyo usiseme. Mume wangu alisimama mlangoni, mimi nilikuwa ndani nauza kahawa na kashata. Watoto wetu walikula pale, walivaa pale, walisoma pale.

Nataka mnielewe hapa, maana ndipo kosa langu lilipoanzia. Banda ni biashara ya mlango. Ukilipa unaingia, usipolipa unabaki nje na kelele zetu. Mechi ina saa yake, ukichelewa imekupita, na mwenye banda hakurudishii. Miaka yote ile akili yangu ilijengwa hivyo: televisheni ni mlango, na saa, na mtu mmoja mmoja anayelipa akipita. Sikujua kama kuna namna nyingine.

Basi zikaja hizi simu. Mwanzoni niliona vituko tu. Kijana amelipa kiingilio, amekaa kwenye benchi langu, mbele yake kuna skrini kubwa, yeye ameinamia kiganja chake anaangalia mechi nyingine. Nikamuuliza, "Mwanangu, hii yangu ina shida gani?" Akasema, "Hakuna shida mama, naangalia zote mbili." Haikupita muda wakaacha kuingia. Walikuwa wanaegemea ukuta wangu kwa nje, watatu kwenye simu moja, na goli likifungwa wao wanasikia kelele zetu za ndani kabla picha yao haijafika. Wakaona inatosha hivyo.

Nikachukua kadibodi nikaandika SIMU MARUFUKU, nikaitundika mlangoni. Ndugu zangu, nawaambia, wiki ile ndipo nilipowamaliza wateja kwa mkono wangu. Ukimwambia mtu achague kati ya benchi lako na simu yake, usisubiri jibu.

Katikati ya mambo hayo mume wangu akaugua, akafariki. Hilo sitalisimulia leo. Mlikuwepo, wengine mlilala kwangu hadi matanga yakaanuliwa.

Baada ya msiba, kaka wa marehemu, shemeji yangu, akashuka kuja kuniona. Ni mtu mpole sana, wa kanisani, hajawahi kunipandishia sauti. Alikaa kwenye benchi la banda, akaangalia ile skrini iliyokuwa ikimwonyeshea mechi yeye peke yake, akaniambia, "Shemeji, sisi hatukufukuzi mjini. Ila nyumbani kuna chumba tumekitengeneza. Watoto shule ipo. Mama anakulilia kila siku. Jaribu jaribu, ila tukishavuna mahindi tukae kikao, kama biashara haijasimama, rudi nyumbani tukulee."

Tukulee! Angenitukana ningekuwa na la kumjibu. Ule upole wake ndio ulioniuma, kwa sababu nilijua anamaanisha, na nilijua ukoo mzima uko nyuma yake, na kwamba wangenilea kweli. Lakini mimi sikutaka kulelewa. Niliwapenda na ninawapenda, ila nilitaka kuishi Lemara kwa kazi yangu mwenyewe, wanangu wakae shule ileile, na kesho yangu niipange mimi. Mwanamke akisema hivyo anaambiwa ana kiburi. Sawa, basi nilikuwa nacho. Nilijua nikipanda mlima na vitanda vyangu, sishuki tena.

Nikakaa chini nikafikiri. Nikajiambia: kama watu wamehamia kwenye simu, na mimi nihamie huko huko. Nikauza skrini, nikauza dishi, nikauza na mabenchi kwa mtu wa kuni, ndivyo yalivyokuwa yamechoka. Nikanunua simu yenye kamera nzuri, taa mbili na kile kinasa sauti kidogo cha kubana kwenye nguo. Nikaanzisha kipindi, nikakiita Jiko na Zizi. Sehemu ya kwanza napika, sehemu ya pili namleta bwana mifugo anaeleza habari za kupe au ndama anayeharisha, ya tatu tunajadili ugomvi mmoja wa nyumbani, mama mkwe na mkwe, mke na wifi, bila kutaja mtu. Kama leo.

Nilimpata fundi wa kompyuta, kaka mmoja mwenye chumba chake cha kazi pale karibu na soko. Yeye ndiye aliyenitengenezea sehemu ya mtandaoni ya kukirusha. Nikamwambia ninavyotaka: kipindi kianze saa moja jioni, si kabla, si baada. Anayetaka kuona analipia wiki kwa simu, anapewa namba ya siri ya kuingilia. Kikishapita kimepita. Na wote walioandikisha namba zao, hata ambao bado hawajalipia, watumiwe ujumbe saa moja kamili kwamba kipindi kimeanza.

Akakuna kichwa. "Mama, watu wa kwenye simu hawana saa. Na kulipisha kabla hawajakuzoea..."

Nikamkata. "Kaka, umewahi kuona banda la bure?"

Akafanya nilivyotaka. Ndiyo maana nasema nilichukua mlango wa banda, na bawaba zake, na marehemu akiwa amesimama pale, nikajaribu kuupitisha kwenye simu.

Sasa hapo ndipo makofi yalipoanza. Nikienda sokoni, "Mama Jiko na Zizi, tunakuona!" Nikiwa kwenye foleni ya hospitali, muuguzi nisiyemjua ananiuliza ule mchuzi wa ndizi niliweka maziwa mwanzoni au mwishoni. Hapa hapa kanisani mlinishika mikono mlangoni. Nilikuwa natembea nimenyoosha shingo. Kila aliyenisalimia nilimhesabu mteja. Kwetu tumelelewa hivyo, mtu akikusifia hadharani ni wako. Nikawa nalala vizuri, na kinachoingia hakitoshi hata kumnunulia bwana mifugo soda.

Siku moja baada ya ibada nikawasogelea wanakwaya. Nikawauliza, "Jamani, mnanitazama kweli?"

"Sana, mama! Jana tumecheka mpaka basi."

"Mnalipia wapi?"

Wakatazamana. Mmoja, mko naye hapa na anaangalia chini, akasema, "Namba ya kuingilia tunapeana, mama. Kwaya nzima."

"Na aliyenunua ni nani?"

Hapo hawakutazamana tena. Hakuna aliyejua. Ile namba ilikuwa imetembea hadi mwenyewe amesahaulika. Wengine hata namba hawakuihitaji, walienda tu kwa jirani, simu imeegemezwa kwenye kopo la sukari, uani pamejaa watu. Sikuwalaumu moyoni tu, niliwalaumu na mdomoni. Nikasema ninyi ni wezi wa Kikristo. Wakacheka, wakadhani natania.

Nikamwambia fundi abadilishe namba kila siku. Akabadilisha. Mnajua kilichotokea? Hakuna aliyekasirika. Hakuna aliyelipa pia. Wakaacha tu, taratibu. Baada ya muda mtu akikutana na mimi ananiambia kwa huruma, "Mama, siku hizi huonekani." Kana kwamba mimi ndiye niliyejificha.

Nikasema, basi, watazamaji hawalipi, nitafute wa kulipia matangazo. Pale mjini kuna duka la mbegu na dawa za mifugo, familia ya Kihindi, wako pale tangu babu zao, na hakuna mfugaji wa mlima huu asiyelijua. Nikavaa vizuri nikaenda. Nikamkuta mzee mwenyewe kwenye kiti chake nyuma ya kaunta.

"Shikamoo, mzee."

"Marahaba, mama. Karibu. Ng'ombe au kuku?"

Nikamweleza kipindi changu chote, kwa madaha. Akasikiliza mpaka mwisho, akavua miwani.

"Watu wanakutazama?"

"Wengi sana, mzee. Kila ninapopita wananisalimia."

"Mimi pia nasalimiwa sana, mama. Asubuhi mpaka jioni. Wanaonisalimia wanapita na safari zao. Mimi nakula kwa wanaoingia." Akaonyesha mlango wake kwa miwani. "Nioneshe mtu mmoja ameingia hapa kwa sababu yako. Mmoja tu. Halafu rudi tuongee."

Nikatoka nimekasirika sana, na kilichonikasirisha ni kwamba alisema kweli. Yeye ana mlango na anajua nani anapita. Mimi nilikuwa nimeuza wa kwangu na sikujua hata watazamaji wangu wanakaa upande gani.

Mahindi yalikuwa yameshaanza kukauka shambani. Nikaona bora niende mwenyewe Oldonyo Sambu nikamwambie shemeji kwamba sitasubiri kikao, nimeshindwa, watengeneze hicho chumba. Nilitaka nilitamke mwenyewe kabla sijatamkiwa. Nilipofika pale senta jua lilikuwa linazama, na simu yangu imekaribia kuzima. Kabla ya kupanda kwenda bomani nikaingia kwenye duka la kuchaji simu. Wengi mnayajua maduka haya: mwenye duka ana umeme, watu wa maboma ya mbali hawana, kwa hiyo wanamletea simu zao anawachajia kwa malipo kidogo. Na pembeni ana kompyuta, anawawekea watu nyimbo na filamu kwenye memori kadi.

Mwenye duka ni dada mmoja mchapakazi, ana mdomo mwepesi. Akapokea simu yangu, akaibandikia plasta yenye jina, akaipandisha kwenye rafu. Nikainua macho kuangalia anapoiweka. Rafu tatu ukutani, simu zimepangwa zimelala chali, ndogo na kubwa, za kioo kilichopasuka, zimefungwa mipira, kila moja na plasta yake. Nikasoma majina. Nilianza kuyajua. Huyu alikuja msibani, baadaye nikamwandikisha. Huyu ni mwenyekiti wa wafugaji, nilimwandikisha kwenye harusi. Na ile yenye kava jekundu ni ya shemeji yangu, ambaye kwa upole wake alishaniambia hajawahi kukosa kipindi hata kimoja.

Nikiwa nimesimama hivyo, ikafika saa moja.

Kipindi nilikuwa nimeshakirekodi, na fundi wangu kule mjini akafanya kazi yake. Ujumbe ukatoka. Na simu zile kwenye rafu zikaanza kulia, moja, nyingine, nyingine, vioo vinawaka rafu nzima: Jiko na Zizi kimeanza, karibu utazame. Zinauambia ukuta. Ndani ya duka nilikuwa mimi na yule dada, basi.

"Aah, hizi tena," akasema. "Kila jioni zinanisumbua hivi. Sijui ni watu gani hawa."

Nikamwambia, "Ni mimi."

Akanitazama.

"Hizi simu zinalala hapa?" nikamuuliza.

"Zinalala, mama. Wanazileta wakipita, kesho yake wanafuata. Nyumbani hakuna umeme."

"Na jioni hawazihitaji?"

"Jioni?" Akacheka. "Jioni ng'ombe wamerudi, mama, watu wanakamua. Nani ana mkono wa kushika simu?"

Nilicheka mpaka akaniuliza kama naumwa. Halafu kicheko kikageuka, nikalia, pale pale kwenye kaunta yake, na sikuona aibu. Mimi nimeolewa kule. Nimewahi kukamua kule, jioni, tena saa ile ile. Nilijua kabisa hizo simu zinachajiwa mbali na nyumbani, nilishatumwa kuzifuata. Nilipokianzisha kipindi changu Lemara nilisahau yote hayo, kwa sababu jioni ya Lemara ndiyo saa ya banda.

Nilikuwa nikiwaita watu wabahili, kumbe wateja wangu wamewekwa kwenye rafu wanachajiwa. Sikuwa nimewauliza wanaishije.

Niliposhusha pumzi ndipo nikaona kitu kingine. Simu zilikuwa pale. Watu hawakuwepo, lakini simu zilikuwepo, na zitakaa usiku kucha, na kesho zitaondoka zimejaa chaji. Na kompyuta ya kuwekea filamu iko hapo hapo. Kwa nini nimlipishe mtu bando na namba ya siri, na kumtaka awe na mkono mtupu saa moja jioni? Si nimpe kipindi ndani ya simu yake, akitazame ng'ombe wakishalala?

Nikamweleza yule dada. Mtu anayechaji, akitaka, anaongeza kidogo, anawekewa vipindi vya wiki hiyo. Akanisikiliza huku anazungusha plasta yake kidoleni.

"Na mimi napata nini?"

"Tunagawana. Nusu yako, nusu yangu."

"Nusu?" Akaweka plasta chini. "Mama, simu ni zangu, umeme ni wangu, watu ni wangu. Wewe unaleta nini?"

"Naleta mchuzi wa ndizi," nikasema.

Tukabishana pale mpaka akafunga duka, na alinishinda, hadi leo anachukua kubwa kuliko mimi. Anastahili. Bomani nilifika nimechelewa, shemeji akaniuliza nimekuja kwa jambo gani. Nikamwambia nimekuja kuwasalimia. Lile nililokwenda kulitamka nikalimeza.

Nisiwadanganye kwamba kesho yake mambo yalinyooka. Wiki za kwanza walichukua wachache, wakarudi na malalamiko. Yule dada akanipa taarifa kwa simu bila kupamba: "Wanasema unaandika maandishi kwenye kioo hawayaoni. Wanasema unanong'ona." Nikamwambia sinong'oni. Akasema, "Mama, wanakaa kumi kwenye simu moja. Walio nyuma hawaoni kitu, wanakusikia tu."

Hilo nalo nililijua na sikulijua. Nikabadilisha kila kitu. Maandishi nikayafuta, kila ninachoshika nakitaja kwa sauti, na ninakisogeza karibu na kamera. Vipimo navitaja mara mbili. Bwana mifugo akisema dawa inapakwa shingoni, namwambia sema tena, sema pole pole. Akanuna, akazoea. Kule mtu mmoja analipia na uwanja mzima unatazama, na zamani ningeita huo wizi. Siku hizi wale walio nyuma ndio ninaowapigia hesabu, kwa sababu wiki inayofuata mmoja wao anataka na yake iwekwe, asisubiri kuazima.

Kipindi kilipoanza kutembea nikamkumbuka mzee wa duka. Sikumrudia. Nilisema tu mwishoni mwa kipindi cha kupe, kwa sauti yangu ya walio nyuma: dawa hii mnaijua inapouzwa mjini, mkifika semeni mmetumwa na mama wa Jiko na Zizi. Sikumwomba ruhusa wala hela. Nikakaa kusubiri, kila simu ikiita naikimbilia.

Akapiga yeye mwenyewe. Hakusalimia. "Mama, wamekuja."

"Nani, mzee?"

"Wamama wawili, jana. Leo mzee mmoja na shuka lake, ameuliza dawa ya mama wa jikoni. Mimi nikadhani anaumwa tumbo." Akacheka, mara ya kwanza namsikia akicheka. "Njoo tuongee."

Tukaongea. Analipia tangazo kila mwezi, na kila mwezi ananilalamikia, ndivyo wafanyabiashara wanavyosema asante. Matangazo ndiyo yanayobeba biashara, kile cha kwenye duka la kuchaji ni cha kusukumia siku. Ndiyo hali halisi, nisije nikawafanya mkauza mabenchi yenu.

Na niwaambie pia nilipokwama. Nilikwenda nyumbani Usa River na ujuzi wangu mpya, nikidhani sasa nimeumaliza ulimwengu. Kule umeme upo, simu hazilali dukani. Wafanyakazi wa maua wana mapumziko mafupi mchana, wanataka kitu cha kucheka kabla kengele haijalia, na habari za kupe haziwahusu. Memori kadi zangu zilirudi zimejaa vumbi. Nimeanza kuwatengenezea vichekesho vifupi, vya bure, fundi wangu anaviweka mtandaoni anavyotaka yeye, safari hii sibishani naye. Bado havijasimama. Nikiviweza nitawaambia, nisipoviweza mtasikia tu.

Nimeelekezwa nimalizie kwa shukrani. Namshukuru fundi, aliyenionya nikamkata kauli, na hakunikumbusha hata siku moja. Namshukuru dada wa duka la kuchaji kwa kunibana, maana aliyenibana alinichukulia mfanyabiashara wakati wengine walikuwa wananionea huruma. Namshukuru mzee wa dukani kwa kunikatalia. Nawashukuru ninyi, mliolala kwangu msibani, na mliotumia ile namba bure mkanitangaza mji mzima, wezi wangu wa Kikristo, Mungu awabariki.

Na neno ninalowaachia ni hili. Watu wanaulizana siku hizi kama televisheni ya kwenye simu inalipa. Mimi nilikuwa nauliza hivyo hivyo, na ni swali la nusu. Simu hailipi. Anayelipa ni mtu, na mtu ana ng'ombe wa kukamua, ana chaji ya kufuata senta, ana jirani wa nyuma asiyeona. Kabla hujauliza atalipa kiasi gani, nenda ukakae kwake jioni moja. Aliyekusifia njiani mshukuru, ila usimwandike kwenye hesabu.

La mwisho ni la kikao. Maana kikao kilikuwepo, mahindi yalivunwa kama kawaida yake, hayasubiri mtu. Nikaitwa. Wazee wamekaa, shemeji amekaa, na mimi nimekuja na maneno niliyoyapanga kutoka Lemara, nitawaeleza duka hili, tangazo lile, watoto shuleni ni wa ngapi darasani. Niliwaogopa, kwa sababu walikuwa wananipenda, na kumkatalia anayekupenda ni kazi. Na niliyemwogopa kuliko wote alikuwa mama mkwe wangu. Yeye ndiye aliyekuwa akililia nirudi. Alimzika mwanawe, akabaki ananitaka mimi na wajukuu karibu, na ana haki.

Akanisalimia kwa lugha yao, "Takwenya." Nikaitikia, "Iko, yeyo," yeyo ndiyo mama. Nikakaa.

Shemeji akaanza, kwa upole wake, kwamba tulipeana muda, na muda umefika, na chumba kipo. Kabla sijafungua mdomo, mama akanyoosha mkono kumnyamazisha.

"Arudi kufanya nini?" akasema.

Shemeji akashangaa. "Mama, si wewe uliyekuwa unalia?"

"Nililia kwa sababu nilikuwa simwoni. Sasa namwona. Tukishakamua tunakaa hapa, mnawasha hiyo simu, anatokea, ananiambia amepika nini, na wajukuu nawasikia wakigombana nyuma yake. Akirudi hapa atakuwa kule jikoni kwenye moshi, mimi niko huku. Nitamwona saa ngapi?" Akavuta shuka lake begani. "Mwacheni mwanangu akae Lemara, nimwone."

Wazee wakacheka, shemeji naye akacheka, na hayo maneno niliyoyapanga sijayasema mpaka leo. Nilimpigia mama magoti mbele yao wote, nikamshukuru. Na leo namshukuru mbele yenu.